Ngome Inayosubiri Kuvamiwa

Julai ikifika Landover, katika kaunti ya Prince George's jimboni Maryland, joto huganda mwilini kama la Dar es Salaam kabla ya masika. Shule zimefungwa, wazazi wako kazini au wamelala baada ya zamu ya usiku, na nyuma ya nyumba za matofali watoto wanajenga. Boksi la friji limefumuliwa na kusimamishwa kuwa ukuta. Mbao za kupakilia mizigo, zilizookotwa nyuma ya duka, zimeegemezwa kwenye uzio, na turubai la bluu limefungwa juu yake kwa kamba ya kuanikia nguo. Mmoja anatoboa tundu kwenye boksi kwa bisibisi, anachungulia, anaona halitoshi, analipanua mpaka mdomo wa bunduki ya maji upite. Upande wa pili wa uwa wenzake wanajenga ya kwao, na katikati, ukutani mwa nyumba, pana bomba moja la maji na ndoo mbili. Hao ni watoto wakicheza, mtu atasema, na kuna nini hapo cha kufikiria? Lakini mzazi aliyesimama mlangoni, aliyelelewa Tanga au Kisumu kwa maneno kwamba silaha si kitu cha kuchezea, ana swali zito, nalo ni la dini na la falsafa kwa pamoja: je, vita vya kuigiza ni vita vidogo, au ni kitu kingine kabisa? Kama ni vita vidogo, kuvifurahia ni kufurahia uovu uliopunguzwa kipimo. Kama ni kitu kingine, basi tuweze kusema ni kitu gani, na mpaka wake uko wapi.

Mahali penyewe pana kejeli yake. Maili chache kutoka Landover pako Bladensburg, ambako tarehe 24 Agosti 1814 Waingereza waliwatimua wanajeshi wa Marekani kisha usiku huohuo wakaingia Washington na kuichoma Ikulu. Nusu karne baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji mkuu huo ulizungushiwa ngome; kufikia 1865 zilikuwa 68. Nyingi hazikuwa za mawe. Zilikuwa matuta ya udongo yaliyozuiwa kwa magogo, na mbele yake miti ililazwa matawi yakimwelekea adui. Mojawapo iliitwa Fort Lincoln, juu ya kilima kando ya barabara ya Bladensburg, na mabaki ya matuta ya mizinga yako mpaka leo ndani ya makaburi yanayobeba jina hilohilo. Kwa hiyo mtoto wa Landover anayelundika vitu vya kuokota ili ajifiche nyuma yake anafuata, bila kujua, ufundi wa wanajeshi wa eneo lake: chukua kilichopo karibu, kisimamishe, acha tundu la kutazamia. Ukitazama umbo tu, utasema ni jambo lilelile. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunahukumu umbo.

Ngome ya kweli hujengwa kwa tumaini kwamba haitavamiwa. Mafanikio yake makubwa ni adui kuitazama kwa mbali akaghairi. Ngome ya uwani hujengwa kwa tumaini la kinyume. Ikikaa mchana kutwa bila mtu kuivamia, waliomo ndani huanza kuchoka, hutoa vichwa nje, huita, mwishowe hutoka kwenda kumchokoza adui aje. Tundu linalotobolewa kwa bisibisi ni la kurushia maji, lakini mjenzi anajua fika kwamba maji yataingia kupitia hapohapo. Halafu tazama lile bomba. Pande zote mbili zinajaza hapo, na hazipiti dakika kumi kabla watoto hawajakubaliana kwamba anayejaza hapigwi. Hakuna mtu mzima aliyewaandikia kanuni hiyo. Inazuka kwa sababu mchezo unaidai: ukimnyima adui maji hatakuwa na cha kukurushia, na asipokuwa na cha kukurushia mchezo umekwisha. (Anayedhani watoto hawana sheria hajawahi kuwasikiliza wakibishana nani kalowa.) Anayecheza, basi, anamhitaji mpinzani wake awe na nguvu, awe na maji, na kesho arudi. Anayepigana vita hamhitaji adui yake kwa lolote ila kutoweka kwake.

Tuliozaliwa pwani tuna mfano wa upande wa pili wa jambo hili, nao ni Fort Jesus ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Kwa takriban miaka mitatu kazi kubwa ya mzingiraji haikuwa kurusha mizinga. Ilikuwa kusubiri. Njaa na maradhi viliwamaliza watu ndani ya kuta zile, na siku Waomani walipoingia, walikuta walinzi wachache mno. Ndiyo siri ya kuzingira mji: unamshinda mtu kwa koo lake na kwa tumbo la mtoto wake. Dunia ilihitaji muda mrefu kulikataza hilo kwa maandishi. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, ndiyo inayokataza katika ibara ya 54 kuwaua raia kwa njaa na kuharibu mitambo ya maji yao ya kunywa. Mpaka leo kanuni hiyo inavunjwa na watu wazima wenye shahada. Mtoto aliyekubali kwamba bombani hapigwi mtu ameifikia kwa njia fupi zaidi. Sisemi amekuwa mwanasheria wa vita. Ninasema mchezo wake unamfundisha mantiki ambayo vita humfunza mtu kuisahau.

Hapa msomaji makini ataniwekea pingamizi. Atasema: unasifu kanuni na makubaliano, lakini kanuni hazitakasi kitu. Na ushahidi wake uko palepale Bladensburg. Katika karne ya 19, kijito kimoja cha eneo hilo kilikuwa mahali pa mapambano ya bastola ya watu wawili wawili, mabwana wa Washington walipotaka kulinda heshima zao. Kila kitu kilikuwa na utaratibu: hatua zilihesabiwa, mashahidi walikuwepo, ishara ya kufyatua ilikubaliwa, na kila mmoja alikuja kwa ridhaa yake. Tarehe 22 Machi 1820 Stephen Decatur, shujaa wa jeshi la majini, alipigwa hapo na James Barron, mwanamaji mwenzake, na usiku huohuo akafa. Mwaka 1838 mbunge Jonathan Cilley wa Maine aliuawa na mbunge mwenziwe, William Graves wa Kentucky, na ndipo mwaka uliofuata Bunge likapiga marufuku mapambano hayo mjini Washington. Palikuwa na kanuni, palikuwa na ridhaa, hata heshima kwa mpinzani ilikuwepo. Mbona basi tunaita uovu?

Pingamizi hilo ni zuri, na linanilazimisha kuongeza neno ambalo bila yake hoja yangu isingesimama. Ridhaa na kanuni ni lazima lakini hazitoshi. Linalotenganisha uwa wa Landover na kile kijito ni kwamba maji hukauka. Kilichotendwa uwani kinafutika chenyewe, kwa jua, ndani ya nusu saa, na mshindwa anainuka akiwa mzima kama alivyokuwa, isipokuwa nguo. Decatur hakuinuka. Mchezo ni kitendo ambacho mtu anakifanya akiwa na dhamana kwamba kila alichokichukua kwa mwenzake kitarudi: heshima yake, nafasi yake, uhai wake wa kuigiza. Ndiyo maana mtoto anasema “nimekuua” na dakika mbili baadaye anamwomba marehemu amsaidie kushika turubai. Tena maji yana sifa ambayo fimbo iliyofanywa bunduki haina. Kwenye bunduki ya fimbo, “nimekupiga” na “hujanipata” ni ubishi usio na mwisho, na ugomvi wa kweli huzaliwa hapo. Maji yana ushahidi. Fulana inasema. Aliyelowa kalowa, na baada ya muda ushahidi wenyewe unayeyuka, hakuna wa kuutunzia kinyongo.

Kiswahili kina neno kwa jambo hili, nalo ni kubwa kuliko neno mchezo: utani. Mtani anakutukana mbele za watu, anakuchukulia mali yako, anafika msibani akamwiga marehemu mpaka waombolezaji wacheke kwa machozi, na wewe hukasiriki kwa sababu unajua uhusiano unaombeba. Tusi la mtani lina sura ya tusi na halina kazi ya tusi. Gregory Bateson, mtaalamu wa elimu ya watu, aliwatazama nyani wadogo wakicheza kwenye bustani ya wanyama ya San Francisco mwaka 1952, na katika insha aliyoitoa 1955 akaonyesha kwamba kung'atana kwao kwa mchezo kunasimama badala ya kung'atana kwa kweli lakini hakubebi kile ambacho kung'atwa kwa kweli hubeba. Mswahili angemsikiliza, akamwambia: bwana, huo ni utani. Na kama anataka kuuona kwa macho, aende Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Jina lenyewe ni la maji, kwa kuwa kogwa ni kuoga: mwaka unaoshwa. Wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa mabua ya migomba, kila mmoja akimaliza ya mwaka uliopita, na wanawake wanaimba maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Kinajengwa kibanda cha makuti, mtu huingia ndani, kinatiwa moto, naye huchomoka. Kisha watu wanakula pamoja. Kibanda kile kimejengwa ili kiungue, kama ngome ya maboksi ilivyojengwa ili ilowe.

Mwenye dini ataniambia Mwaka Kogwa ni mila, na mila haihalalishi kitu. Sawa. Basi tuingie kwenye vitabu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, na Mtume akamruhusu Bi Aisha awatazame mpaka atosheke. Na katika mapokezi mengine Sayyidna Umar alipotaka kuwazuia aliambiwa awaache. Yaani silaha ya kweli, mahali patakatifu, siku ya furaha, na mchezo ukaruhusiwa. Lakini upande wa pili zipo hadithi zinazomkaripia vikali anayemwelekezea ndugu yake chuma, hata kama ni ndugu wa baba na mama. Ipo pia ile ya mtu aliyekuwa amelala safarini, mwenzake akachukua kamba iliyokuwa naye, akazinduka kwa hofu, na hapo Waislamu wakakatazwa kutishana. Huwezi kuziweka hadithi hizi pamoja ukihukumu kwa umbo la chombo, kwa sababu mkuki wa Wahabeshi ulikuwa mkali na ile kamba haikuwa silaha hata kidogo. Ukihukumu kwa nilivyosema, zinakaa bila kusukumana. Waliocheza kwa mikuki walijua wote, na waliotazama walijua. Yule aliyelala hakuwa ndani ya mchezo. Kwake yeye hofu ilikuwa ya kweli. Na chuma kinaweza kuteleza mkononi kikafanya jambo lisilofutika, ndiyo maana kukielekeza tu kunatosha kuwa kosa. Kwa Mkristo njia ni fupi zaidi: nabii Zekaria alipoueleza mji wa Yerusalemu uliorejeshewa amani, aliujaza njia zake wavulana na wasichana wakicheza, na hakuwatajia mchezo gani.

Kuhusu asiyekuwa ndani ya mchezo, tuna ushahidi mchungu wa karibu zaidi. Bunduki kubwa ya maji tunayoijua leo ni kazi ya Lonnie Johnson, mhandisi Mweusi aliyezaliwa Mobile, Alabama, ambaye mwaka 1982, akiwa mfanyakazi wa taasisi kubwa za serikali mchana na mgunduzi wa nyumbani usiku, alikuwa akijaribu pampu ya joto inayotumia maji. Mdomo wa bomba aliouunganisha na sinki la bafuni ukarusha mkondo wa maji chumba kizima, akaona hapa pana kitu. Chombo kiliingia madukani mwaka 1990, na mwaka 1991 kikapewa jina la Super Soaker. Mwaka uliofuata, mjini Boston, kijana wa miaka 15 aliuawa kwa risasi baada ya kumwagiana maji kugeuka ugomvi, na Meya Raymond Flynn akayaomba maduka yaache kuuza bunduki hizo. Ninamwelewa meya; angeweza kufanya nini siku ile? Lakini alishika chombo kisichohusika. Maji hayakumuua kijana yule. Aliuawa na bastola ya kweli iliyokuwa karibu, na kabla ya bastola kulikuwa na mchezo uliovuka kwenda kwa watu ambao, kwao, kuloweshwa hadharani ni kudhalilishwa. Kumlowesha asiyecheza si mchezo. Ni sawa na kumtania mtu usiye na utani naye: neno lilelile, na kesi juu yake.

Pingamizi kubwa zaidi la kidini linatoka kwa wale wanaokataa vita vyote. Kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi magharibi mwa Kenya mwaka 1902 na ambalo leo lina waumini wengi nchini humo kuliko karibu nchi yoyote, limekuwa na ushuhuda wa amani tangu karne ya 17. Mzazi wa imani hiyo anaweza kusema: sibishani kuhusu maji, ninaogopa mkono. Mkono unazoea kulenga mtu. Moyo unazoea raha ya kumpata. Hilo ni dai la tabia, na halitupwi kwa mzaha. Plato mwenyewe, katika kitabu chake cha Sheria, aliamini kwamba mchezo huandaa mtu mzima, akataka atakayekuwa mjenzi acheze kujenga vijumba angali mtoto. Kama ni hivyo kwa mjenzi, mbona si hivyo kwa muuaji? Jibu langu ni kwamba Plato yuko sahihi, ila tutazame mtoto anazoea nini hasa. Hesabu muda. Katika mchana mzima wa vita vya maji, sehemu kubwa haiendi kwenye kurusha. Inakwenda kwenye kujenga, kubeba, kubishana ukuta uwekwe wapi, kugawana timu upya kwa sababu wakubwa wote wameangukia upande mmoja, kumngoja mdogo ajaze bunduki yake. Kama mchezo ni mazoea, haya ndiyo yanayozoewa. Na kulenga? Anajifunza kulenga, ndiyo, na papohapo anajifunza kulengwa, kwa mwili wake mwenyewe. Wanaojifunza kulenga bila kulengwa ni wale wanaocheza peke yao mbele ya kioo cha simu, na wazazi wanaopiga marufuku bunduki ya maji ya dola chache nadra kuigusa simu hiyo.

Nimeahirisha kwa makusudi lililo zito kuliko yote kwa Landover. Kaunti ya Prince George's ina wakazi wengi Weusi, na mtoto wa Mtanzania au Mkongo, hata azungumze lafudhi gani nyumbani, akiwa uwani ni mtoto Mweusi mwenye kitu chenye umbo la bunduki. Tarehe 22 Novemba 2014 Tamir Rice, mwenye miaka 12, alikuwa na bunduki ya kuchezea kwenye bustani ya mjini Cleveland. Polisi alimpiga risasi ndani ya sekunde mbili hivi baada ya gari lao kusimama, naye akafa kesho yake. Kipande cha rangi ya machungwa ambacho sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inataka kiwe mdomoni mwa bunduki bandia hakikuwepo. Kwa kipimo nilichotumia tangu mwanzo, msiba ule unasomeka hivi: duara la mchezo lilikuwa dogo kuliko duara la macho yaliyokuwa yakitazama. Aliyewapigia polisi simu na polisi aliyefika kwa gari hawakuwa ndani ya mchezo. Je, kosa ni la mtoto? Hasha, na nitalikataa hilo daima. Asiyekosea anaweza hata hivyo kudaiwa hadhari na wale waliopewa amana yake. Kwa hiyo mzazi wa Landover ana wajibu ambao mzazi wa mtaa mwingine hauhisi, na si haki auhisi peke yake: bunduki ya kijani na njano isiyofanana na silaha yoyote, vita viwe nyuma ya nyumba visitoke barabarani, na majirani waambiwe. Kumwambia jirani ni kumwingiza kwenye mchezo, hata akibaki kwenye kiti chake barazani.

Ila hadhari isigeuke uwoga wa maumbo. Mwaka 2013, katika kaunti jirani ya Anne Arundel, mtoto wa miaka saba alisimamishwa shule siku mbili kwa sababu alikitafuna kitafunio chake mpaka kikafanana na bunduki. Hapo watu wazima walipoteza kabisa uwezo wa kutofautisha kitu na sura yake, na mtoto aliyefundishwa hivyo hajafundishwa amani. Amefundishwa kwamba mkate unaweza kuwa dhambi.

Yamebaki maji yenyewe. Anayetoka mahali ambapo maji hupimwa kwa dumu la lita 20, na dumu lina bei, anaona uchungu kuyatazama yakirushwa hewani, na dini zetu zimelaani israfu. Nikubali kwanza kwamba uchungu huo una adabu ndani yake na watoto wanapaswa kuusikia ukitajwa. Kisha tufanye hesabu. Maji ya Landover yanatoka mito ya Patuxent na Potomac kupitia shirika la maji lililoanzishwa mwaka 1918. Sheria ya nchi ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha bomba la bafuni kuwa lita 9.5 kwa dakika. Anayeoga dakika kumi anaweza kumwaga lita 95. Bunduki ya lita moja ikijazwa mara kumi ni lita 10, nusu dumu, na nyasi zilizokauka kwa jua zinazipokea. Anayetaka kukemea israfu aanze bafuni, halafu arudi uwani akataze jambo moja tu, ule mpira wa maji unaoachwa wazi ukitiririka wakati askari wote wamekimbilia upande wa pili. Ndoo mbili zinatosha, na ndoo zina faida nyingine: zinapoisha, vita vinapumzika. Imam Ghazali aliandika katika Ihya kwamba mtoto aliyetoka kusoma aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, maana kumzuia mchezo huua moyo wake. Hakusema mchezo uwe mkavu.

Halafu yuko mtoto ambaye vita kwake si neno. Familia nyingi za Kikongo zimehamishiwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi, na mtoto aliyewasili karibuni kutoka upande wa Goma au Bukavu anaweza kusikia kelele za “vamia!” nyuma ya uzio akaingia chini ya meza. Kwake hoja zangu zote kuhusu maji kukauka hazina nguvu bado, kwa kuwa kumbukumbu yake haijakauka. Huyo haburuzwi mchezoni eti azoee, wala mchezo haupigwi marufuku mtaani kwa ajili yake kama kwamba yeye ndiye aliyeleta msiba. Anaulizwa. Pengine atasema hapana. Pengine atataka kujenga tu, kwa sababu kujenga ukuta wa kujifichia anakujua kuliko wote uwani pale, na maji yakianza kurushwa akae bombani, mahali ambapo hapigwi mtu, awe mjazaji wa ndoo za pande zote mbili.

Ikifika saa mbili za usiku, jua la kiangazi likiwa linaisha, boksi la friji limeloa mpaka ndani na ukuta umepiga magoti. Haliwezi kusimama tena, na likiachwa pale litaoza juu ya nyasi. Waliolijenga na waliolibomoa wanalikanyaga pamoja liwe bapa, maji yanachuruzika kwenye mikunjo, wanalikunja mara mbili na kulipeleka kwenye pipa. Turubai linaanikwa kwenye uzio. Mmoja anauliza kama duka la vyombo vya umeme lile la kwenye barabara kuu litakuwa limetupa boksi jingine kesho.